Namwaga dawa ya mtoto kwenye sinki ili mama mkwe asijue

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, leo ana wiki saba na siku mbili. Tunaishi Uyole, hapa Mbeya. Ni fundi cherehani, nina kibanda Mwanjelwa ambacho kwa sasa nimemwachia mdogo wangu. Mume wangu ni dereva wa malori, anapitia Tunduma kwenda Zambia na Kongo, na akiondoka ni wiki mbili, tatu. Nyumbani tupo mimi, mtoto na mama mkwe, aliyekuja kutoka Tukuyu kunihudumia uzazi. Mama huyu sina neno naye. Tangu nijifungue sijainua ndoo, sijafua nepi, na supu nimekunywa mpaka nimeichoka.

Shida yangu ni daktari wa mtoto.

Baba mdogo wa mume wangu ni tabibu. Alifanya kazi serikalini miaka mingi, akastaafu, sasa ana zahanati yake, dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu. Ukoo mzima unatibiwa kwake na ndugu hawalipi. Mume wangu alipokuwa mdogo alizidiwa na homa usiku, baba ndiye aliyemuokoa, na habari hiyo naisikia tangu siku ya posa. Nilipokuwa na mimba ya miezi mitano tu, mama mkwe alishasema, "Mtoto wetu ana daktari wake."

Mtoto alipofikisha siku 19 alianza kukoroma puani na kupiga chafya. Si unaijua baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba. Tukampeleka. Alikuwa amevaa kofia, soksi, fulana mbili na sweta, juu yake blanketi mbili. Baba alimtazama usoni, akapitisha stetoskopu juu ya sweta, akasema kifua kimebana. Akamchoma sindano moja palepale na kutupa antibayotiki ya chupa, ile ya unga unaouchanganya na maji. Hakumfungua. Hakumpima uzito. Kadi ya kliniki nilikuwa nayo mkononi muda wote, hakuiomba.

Nyumbani nilimpa kijiko cha kwanza, akatapika chote. Cha pili sikumpa. Moyo ulikataa tu, Shangazi, sina maelezo mengine. Lakini mama mkwe ana macho, huinyanyua chupa dirishani kuangalia imefika wapi. Basi asubuhi, mchana na jioni nikawa napima kijiko, nakimwaga kwenye sinki, nafungulia maji. Siku tano. Chupa ikashuka vizuri kabisa. Mafua yakaisha, mama mkwe akapiga simu mbele yangu: "Shemeji, dawa yako imemponya." Mimi nimesimama pembeni na kijiko mkononi.

Wiki iliyofuata nikaaga kwamba naenda kliniki kupima uzito, nikachukua bajaji mpaka mjini kwa daktari bingwa wa watoto ambaye mteja wangu mmoja alinielekeza. Mchana yuko kazini serikalini, huku anaona wagonjwa jioni mbili tu kwa wiki. Shilingi 30,000 kumwona tu, nilizitoa kwenye hela ya vitambaa. Alimvua mtoto nguo zote isipokuwa nepi, akamtazama kifua bila kumgusa, kimya, macho kwenye saa. Kisha akasema, "Mtoto wako mzima. Nyonyesha." Hakuandika dawa yoyote. Kwenye bajaji nililia njia nzima, na mpaka leo sijui kama ni furaha au ni aibu ya kudanganya.

Sasa mtoto alipofika wiki sita alipata tena mafua, kidogo tu. Baba akasema chanjo isubiri mpaka apone kabisa. Mafua yameisha, lakini nikiitaja chanjo mama mkwe anasema, "Baba yenu hajaruhusu." Imeshapita wiki na zaidi. Huko kliniki ya serikali nako naogopa. Mara ya mwisho niliuliza kwa nini mtoto anakoroma, muuguzi akanijibu mbele ya watu, "Mama wa mtoto mmoja, maswali ya watoto kumi." Nikanyamaza.

Nisiwe mchoyo wa haki, baba si mtu mbaya. Jirani mmoja alituambia mtoto ana kimeo, akatwe. Mama mkwe alishaanza kuyumba. Baba aliposikia alikuja nyumbani kwa miguu usiku, akasema hakuna mtu atakayegusa koo la mtoto huyu yeye akiwa hai. Siku hiyo nilimpenda.

Kuna na lingine. Chuchu zangu zina nyufa, zinatoka damu, na mtoto akishika nauma meno. Siwezi kumweleza baba. Ni mkwe wangu. Mila zao na heshima yangu mwenyewe haviniruhusu hata kunyonyesha akiwa chumbani.

Mume wangu nikimpigia anasema, "Elewaneni hukohuko na mama." Nikimkataa baba nitaonekana nimemtukana mkwe na ukoo wake. Nikiendelea naye, ndiyo nimeshakuwa mwongo wa kumwaga dawa. Bingwa ninamtaka lakini hela sina. Nimpeleke mwanangu kwa nani?

Mama wa wiki saba, Uyole

*

Marahaba mwanangu, na hongera ya uzazi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama jikoni kwangu, natazama sinki. Kabla ya safu hii nilikuwa muuguzi mkunga kwa miaka mingi, mwanzo Makete, baadaye hukuhuku kwenu, na vijiko vilivyomwagwa nimevisikia vingi. Wengine humwaga za mtoto, wengine za kwao wenyewe. Kwa hiyo sina jiwe la kukurushia.

Kwa nilivyokuelewa, una watu watatu. Una mkwe ambaye yuko karibu, hatozi hela, anampenda mtoto, ila hamfungui nguo. Una bingwa anayemfungua nguo, ila yupo jioni mbili kwa wiki na anakula mtaji wako. Una kliniki ya serikali ambayo ni bure, ina mizani na chanjo, na ina mdomo. Unaniuliza uchague yupi. Nitalifikia hilo, lakini kuna jambo moja haliwezi kusubiri sisi tumalize maongezi.

Chanjo ya wiki 6. Hii usiiweke kwenye fungu la "nimsikilize nani". Mafua madogo hayazuii chanjo, na huo ndio utaratibu katika kliniki zetu. Mtoto anayeahirishiwa ni yule anayeumwa kweli, wa kulazwa, na hata huyo huipata akishapata nafuu. Siku hiyo kuna matone ya polio, chanjo ya kichomi, ya kuhara, na ile sindano ya magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na bakteria mwenye jina refu, Hib, anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kifaduro kwa mtoto wa umri wa mwanao si kikohozi cha kawaida, kinaweza kumsimamishia pumzi. Kuchelewa wiki moja hakujaharibu kitu. Hamuanzi upya, atachanjwa sasa, na zile za wiki 10 na 14 zitasogea mbele kidogo, wiki nne kati ya moja na nyingine. Mama mkwe akikwambia wanawe walikua bila hizo za kichomi na kuhara, anasema kweli: zilianza kutolewa nchini mwaka 2013, mumeo keshakuwa kijana. Ila mwombe akukumbushe na watoto wa kijijini waliokufa kwa kuhara miaka hiyo. Na mwambie mapema kwamba jioni ya chanjo mtoto anaweza kuchemka kidogo na kulialia, ili mtu asimkimbize zahanati kuchomwa sindano nyingine juu ya hiyo.

Sasa turudi kwenye chupa.

Unataka nikuambie ulikosea au ulipatia. Siwezi, na sababu ni hii: mtoto yule hakuna aliyemwangalia siku ile. Baba alitoa dawa bila kumfungua, wewe ukaimwaga bila kumfungua. Wote wawili mlikisia, na kwa bahati yalikuwa mafua ya kawaida. Mtoto wa siku 19 kukoroma puani ni jambo tunaloliona kila siku. Pua yake ni nyembamba kama mrija wa biki, unyevu kidogo tu inapiga kelele. Lakini siku yakiwa si mafua? Dawa ya kweli ikiandikwa, na mkono wako umeshazoea njia ya sinki? Hicho ndicho kilichonikalisha chini, kuliko ule uongo. Uongo kwa mama mkwe utasameheka.

Yule bingwa aliyekaa kimya macho kwenye saa alikuwa anahesabu pumzi. Ni kazi ya dakika moja na haihitaji mashine. Unamfungua mtoto kifua, akiwa ametulia au amelala, halii wala hanyonyi, unahesabu tumbo linavyopanda kwa dakika nzima. Nzima, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili, maana watoto wachanga hupumua kwa kukimbiakimbia. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Ukizipata, hesabu tena, na zikibaki hivyo mpeleke. Akivuka miezi miwili kikomo kinashuka kuwa 50, na akitimiza mwaka ni 40. Tazama pia kama kifua chini ya mbavu kinaingia ndani kila anapovuta hewa. Umeshika saa kama yule bingwa, chumba kina joto, dakika moja tu. Baridi ya Uyole haitamuua kwa dakika moja, na najua bibi atapiga kelele.

Kuhusu baba, niruhusu nimtetee kidogo kisha nikuache.

Sijapenda vile watu siku hizi wanavyosema "ni tabibu tu". Tabibu amekaa chuoni miaka mitatu akijifunza kutibu, na kwa nchi hii ndiye amebeba watoto wetu. Makete nilikofanyia kazi, bingwa wa watoto tulikuwa tunamsikia redioni. Na mtu aliyetoka usiku kwa miguu kuzuia kisu kisiguse kimeo cha mjukuu wake ana kitu ambacho huwezi kukinunua kwa 30,000. Watoto wametoka damu mpaka wakaisha kwa ajili ya kimeo, wengine wameng'olewa "meno ya plastiki" kwa spoku ya baiskeli. Mlinzi wa namna hiyo ndani ya ukoo usimpoteze kirahisi.

Lakini hamfungui mtoto. Hilo nalo ni kweli, na hujalikosea macho.

Umewahi kujiuliza ile dawa ilikuwa ya nani? Mimi nina wasiwasi haikuandikwa kwa ajili ya mtoto, iliandikwa kwa ajili ya bibi yake. Nimewaona matabibu wazuri wakiandika chupa kwa sababu mama akiondoka mikono mitupu atasema, "Yule hajui kazi, hajatupa hata dawa." Ukoo unamwita daktari wetu, unatibiwa bure, unataka kuona chupa. Huenda baba amezoea kuwapa mnachokitaka, na hakuna mmoja wenu aliyewahi kumwomba kitu kingine. Ninaweza kuwa nimekosea. Wengine huandika kwa mazoea, wengine kwa sababu duka la dawa ni lao. Wewe unamjua, mimi simjui.

Njia moja ya kujua ni kumwomba. Siku nyingine mtoto akiugua, fika naye akiwa amevaa nguo chache chini ya blanketi, umlaze mezani na kumfungua wewe mwenyewe kabla hujaambiwa. Kisha sema, "Baba, shikamoo. Naomba unihesabie pumzi na mimi nijifunze." Na kadi iweke mezani mbele yake, usiishike mkononi. Akihesabu, akaandika kwenye kadi, huenda umempata daktari wako dakika kumi kutoka nyumbani, naye hatajua kwamba alikuwa kwenye mtihani. Akikasirika au akacheka, utakuwa umepata jibu pia, ila utaondoka nalo likiwa zito. Mzee aliyestaafu anaweza kuona mkamwana anamfundisha kazi. Pima hasira zake unavyozijua.

Mlango mwingine uko ndani ya barua yako mwenyewe, na nadhani umeupita bila kuuona. Umesema ni mkwe wako, huwezi hata kunyonyesha mbele yake. Mwanangu, miezi hii ya mwanzo daktari wa mtoto ni daktari wa ziwa pia. Huwezi kumtibu mtoto wa wiki saba bila kuuliza anashikaje, ananyonya mara ngapi, ziwa linauma wapi. Heshima ya ukwe inaweza kuwa sababu ya heshima ya kupeleka maswali hayo kwa mwanamke, na wala si uongo. Mama mkwe mwenyewe anaweza kuwa wa kwanza kukubali, kwa kuwa ni mila yake. Hatari yake ni kwamba itakusaidia sasa tu. Mtoto akiachishwa ziwa sababu imeisha, na suala la kufunguliwa nguo litakuwa palepale.

Nyufa hizo usizinyamazie, daktari awe yeyote. Mara nyingi mtoto anashika chuchu tupu badala ya kuchukua na sehemu nyeusi inayoizunguka. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini ugeukie nje. Mwombe muuguzi akutazame ukinyonyesha kuanzia mwanzo, na usikubali maelezo ya mdomo tu. Ukipata homa, au sehemu ya ziwa ikawa nyekundu na ngumu, nenda siku hiyohiyo, na usiache kunyonyesha.

Hapo tunaangukia kliniki, na yule mwenye mdomo.

Alikosea. Sina namna ya kulipamba, nimevaa sare ile na najua uchovu wa foleni ya watu themanini, lakini uchovu haukupi ruhusa ya kumwaibisha mzazi. Ila nikuulize: kwenye chumba kile walikuwepo wauguzi wangapi? Mara nyingi yupo mmoja, mara nyingi yule wa mizani, anayemwita mtoto kwa jina. Ukimpata, jua zamu zake. Si lazima uende alfajiri na umati wa Jumatatu, uliza siku ipi haina watu. Kisera, mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi kwenye vituo vya serikali, ingawa mara nyingine utaambiwa dawa ukanunue nje. Na ndiko kuna kitu ambacho baba hana na bingwa hana: mstari wa uzito wa mwanao, mwezi kwa mwezi. Mtoto anayepanda kwenye mstari wake anakujibu maswali mengi ambayo umekuwa ukimtafutia daktari. Kumbuka pia mahudhurio ya baada ya kujifungua yamewekwa kwa ajili yako na wewe: ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Ya 42 imekupita. Ukienda kwenye chanjo, sema hivyo.

Bingwa je? Naona alivyokutuliza, na utulivu wa mama ni dawa, silidharau hilo. Lakini angalia alikuambia nini: mtoto mzima, nyonyesha. Kwa mtoto mzima kazi ya bingwa inaishia hapo. Alisoma udaktari miaka mitano, akafanya mwaka wa mafunzo kazini, kisha miaka mingine mitatu ya watoto, ili aone kile ambacho wengine wamekikosa: moyo wenye tundu, degedege lisiloeleweka, mtoto asiyeongezeka uzito. Unaweza kumweka akiba, kumfuata pale mambo yanapokataa. Au kama roho yako haitulii bila yeye, weka elfu mbili mbili, nenda kila baada ya miezi mitatu, ni hela yako na ni mwanao. Ila mwombe aandike kwenye kadi ileile. Kibaya ninachokiona ni mtoto mmoja kuwa na madaktari watatu na kila mmoja hajui mwenzake alimchoma nini. Hapo ndipo mtoto anapopewa antibayotiki mbili kwa wiki moja.

Na bingwa wako saa nane ya usiku yuko wapi? Hilo liulize kwa wote watatu. Kabla hujachagua daktari, andika kwenye karatasi ubandike mlangoni: kituo gani kinafungua usiku, namba ya mwenye bajaji anayelala karibu, na hela kidogo isiyoguswa hata kwa sukari. Chini yake andika yanayowatoa usiku uleule bila kikao cha ukoo. Mtoto hanyonyi kabisa. Amelegea, hasimamishi macho. Mwili unachemka, nyuzi 37.5 na zaidi, au umekuwa wa baridi hata baada ya kumweka kifuani kwako. Kifua kinaingia ndani, au anaguna kila pumzi. Degedege. Manjano yamefika viganjani na nyayoni. Hapo dakika kumi za kwa baba zinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko zote, hata kama anaandika tu barua ya rufaa na kuwasha gari.

Nimemwacha mama mkwe mwisho kwa sababu naye ananiuma. Anayenyanyua chupa dirishani ni mwanamke mwenye hofu. Alilea huko milimani Rungwe, enzi ambazo mtoto akizidiwa usiku ulimfunga mgongoni ukashuka na tochi. Umewahi kumuuliza alizaa wangapi, na waliobaki ni wangapi? Muulize, mkiwa mnamenya viazi, bila ajenda. Sikuahidi kwamba atabadilika. Anaweza akalia, anaweza akakwambia hayo hayazungumzwi. Lakini naona nyote wawili mnaogopa kitu kilekile, kila mtu kwa siri yake.

Halafu mumeo. "Elewaneni hukohuko" ni jibu la mtu aliye barabarani, lakini baba mdogo ni wake, si wako. Kwa desturi zetu maneno kama haya anayapeleka mwana, hayapeleki mkamwana. Akirudi safari hii, mkalishe kabla hajalala, mweleze yote, pamoja na sinki. Jihadhari na namna atakavyoyafikisha, maana wanaume wakitumwa hufupisha. "Mke wangu anaogopa mtoto akiwa mdogo hivi, anaomba kila dawa iandikwe kwenye kadi" ni tofauti na "mke wangu hakutaki." Mpe maneno yenyewe.

Mama mkwe umwambie kuhusu sinki? Ukimwambia, jiandae kwa siku kadhaa za kimya jikoni. Usipomwambia, utaendelea kuibeba. Mimi ningesubiri mpaka mumeo awepo, lakini mimi nina ulimi mwepesi na nimewahi kuharibu zaidi ya mara moja, kwa hiyo usinifuate kwa hilo bila kufikiri.

Chupa yenyewe, kama bado iko kabatini, itupe. Ile dawa ikishachanganywa na maji haikai zaidi ya siku saba hivi, ni maji machungu tu sasa, na kuna mtu atakuja kuikumbuka mtoto akikohoa tena. Chanjo nenda wiki hii, na umwombe mama mkwe mwende wote, yeye akubebee mtoto na wewe ubebe kadi. Kisha niandikie uzito wake ulikuwa kilo ngapi.

Shangazi yako